Kostiki soda iliyokaa wazi: usiishie kwenye POP

Akina mama wanaopika sabuni ya mawese hapa Kigoma huniletea kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) maabara na swali lilelile: mbona sabuni haishiki? Ukiuliza gunia lilikaa wapi, utaambiwa stoo, mdomo wazi. Kostiki hunyonya unyevu, na masika hapa ziwani unyevu haununuliwi. Kisha hukamata hewa ukaa, sehemu yake ikageuka sodiamu kaboneti. Hiyo haigeuzi mafuta kuwa sabuni kama kostiki inavyofanya, ila kwenye mizani uzito wake unahesabika.

Huna haja ya kuvitenganisha ili uvipime. Asidi moja, chupa ileile, na viashiria viwili, yaani dawa zinazobadili rangi: POP (fenolfthalini) na MO (methyl orange). Ninachogombana nacho na wanafunzi kila praktiko ni hiki: POP ikipoteza uwaridi wanafunga bureti, bomba lenye vipimo linalodondosha asidi, na kuandika jibu. Hapo kostiki imekwisha kweli, lakini kaboneti imefika nusu ya safari tu, imekuwa baikaboneti. Andika namba, dondoshea MO humohumo, endelea mpaka njano ianze kuwa rangi ya chungwa. Asidi ya awamu hii ya pili ni ya nusu iliyobaki, kwa hiyo kaboneti nzima imekula mara mbili yake.

Tuseme umeyeyusha gramu 1.30, ukafikisha mililita 250, ukachota 25 kwa pipeti, na asidi hidrokloriki ni ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). POP imekula mililita 24.0, MO ikaongeza 4.0. Jumla ni 28.0: za kaboneti ni 8.0 (mara mbili ya 4.0), za kostiki 20.0 zilizobaki. Kwenye gramu zako 1.30, kostiki ni 0.80, kaboneti 0.42, na kilichobaki kwa kawaida ni maji.

Pima haraka, maana inalowa ukiitazama. Maji ya kuyeyushia yachemshe kwanza, yapoe, ndipo umimine kostiki ndani yake, kamwe si maji juu ya kostiki. Ukikaribia mwisho wa POP, tone kwa tone huku unazungusha chupa. Asidi ikirundikana sehemu moja, povu la hewa ukaa hutoka kabla ya wakati na namba zote mbili zinaharibika. Chupa isuuzwe kwa maji tu.

Kwa mpishi wa sabuni, hesabu hiyo ina maana kwamba palipohitajika gramu 100 za kostiki, apime kama 163 za hiyo aliyonayo. Kostiki ikiwa chini ya nusu ya uzito, mimi humwambia anunue iliyofungwa.