Shangazi Anajibu: Nifute akaunti zote au nibaki?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni ushonaji. Karibu wateja wangu wote wapya wananipatia kwenye mtandao wa picha: wanaona nguo nilizoshona, wananitumia ujumbe, tunakubaliana, wanakuja kupimwa. Hapo sina malalamiko. Tatizo ni kwamba nikishika simu kutazama picha ya mkono wa gauni aliyonitumia mteja, sitoki tena. Juzi nilikuwa nimeshachora kitambaa kwa chaki na mkasi uko mkononi, nikafungua simu nihakikishe kina cha shingo tu. Nilipokuja kuinua kichwa nilikuwa nimeangalia harusi ya watu nisiowajua na ugomvi wa wasanii wawili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mteja kasimama mlangoni, gauni bado ni kitambaa mezani.*

*Usiku ndiyo balaa. Watoto wakishalala naingia kwenye ukurasa wa mwenzangu mmoja ambaye tulijifunza naye kushona. Sasa ana karakana kubwa na mafundi chini yake. Nasoma kila alichoposti, hadi maoni ya wateja wake, halafu nalala na donge moyoni. Mume wangu anasema nifute kila kitu, maana akinisemesha naitikia "mmh" macho yako kwenye simu. Na mimi nimechoka, nilikuwa tayari kufuta.*

*Kinachonizuia ni kundi la wazazi wenye watoto wa seli mundu, nalo liko hukohuko mitandaoni. Mwanangu wa pili anaugua ugonjwa huo. Usiku mmoja alipandisha homa, nikataka nimpe dawa ya kutuliza nisubiri kukuche. Mama mmoja wa kundini akaniandikia: "Homa ya hawa watoto wetu haisubiri asubuhi, mpeleke sasa hivi." Nikampeleka, akalazwa. Nikiwakosa watu hawa nitamuuliza nani?*

*Nifute au nibaki?*

*Fundi Mwenye Donge*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa uuguzi. Nakupa jibu kwanza, maelezo baadaye: usifute kila kitu. Ila kuna mlango mmoja nataka uufunge wiki hii hii.

Nimeisoma barua yako nikaona unaviita vitu vitatu kwa jina moja. Kuna duka lako, kuna wazazi wenzako, na kuna kule kuperuzi kusikoisha. Mume wako anaposema "futa" anafikiria hicho cha tatu. Wewe ukisikia "futa" unaogopa kupoteza viwili vya kwanza. Ndiyo maana hamwelewani, na nyote wawili mna haki.

Nianze na kundi, kwa sababu ndilo zito. Mama yule alikuambia kweli tupu. Kwa mtoto mwenye seli mundu wengu huharibika mapema, na wengu ni mmoja wa walinzi wa mwili dhidi ya maambukizi. Ndiyo maana homa kwake ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Uliambiwa na mtu ambaye ameshapita njia hiyo, na mtu wa namna hiyo hapatikani kila mtaa. Kwa hiyo kundini usitoke. Lakini usiliachie kundi kazi isiyo yake. Ukiandika kundini saa tisa usiku unabahatisha kama kuna aliye macho, na safari ile bahati ilikuwa upande wako. Waombe wazazi wawili watatu unaowaamini namba zao za simu, uziandike kwa kalamu kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, chini ya namba ya hospitali yenu. Homa ikipanda unapiga hospitali kwanza, kisha hao, wakati tayari umeshambeba mtoto. Hata mtandao ukizimika, kadi hiyo itakuwepo.

Sasa huko kunakokumaliza. Nataka uelewe kinachokushika, maana naona umeanza kujiona mtu dhaifu. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na pale kwenye kubonyeza unapata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni mtindo wa ukurasa kujiongeza wenyewe kila unapokaribia kuisha, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Mwaka 2009 Facebook wakaleta kitufe cha laiki. Kampuni hizi mapato yao makubwa ni matangazo, na tangazo halionwi na mtu aliyeweka simu chini. Wewe uliingia kutazama kina cha shingo. Ukurasa ule umetengenezwa usione pa kutokea.

Basi usiende kupambana nao kwa nia njema tu. Uzunguke.

Picha za wateja zisikae mtandaoni. Mteja akituma mtindo, ihifadhi picha hiyo hapohapo kwenye simu, kwenye albamu yenye jina lake, au bora zaidi ichapishe uibane kwa pini kwenye karatasi ya vipimo vyake. Ukiwa na mkasi mkononi huna tena sababu ya kufungua mtandao. Hili pekee naamini litakurudishia mchana wako.

Kwa upande wa kuposti na kujibu wateja, kama mtandao wako ni Instagram na akaunti ni ya biashara, ipo programu iitwayo Meta Business Suite. Ndani yake unapanga picha zitoke siku na saa unayotaka, unasoma na kujibu ujumbe wa wateja, bila kupita kwenye ukurasa wa kuperuzi. Tumia hiyo, na ile programu yenyewe ya mtandao iondoe kwenye simu. Kuondoa programu hakufuti akaunti, nguo zako zitaendelea kuonekana na wateja watakuja. Kisha wale wateja wa kudumu wahamishie WhatsApp Business, ambako unaweza kupanga nguo zako kwenye katalogi. Ukijenga duka lote kwenye mtandao mmoja usio wako, siku wakifunga akaunti kwa makosa utaanza upya bila hata namba ya mteja mmoja.

Akaunti yako binafsi ndiyo ule mlango niliousema. Kama kundi la wazazi haliko kwenye akaunti hiyo, izime kwa muda wa wiki nne. Sikutungii muda huu kichwani. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na New York waliwalipa Wamarekani wazime Facebook kwa wiki nne, wakawalinganisha na waliobaki. Waliozima walipata wastani wa kama saa moja zaidi kila siku, na sehemu ya muda huo waliutumia na familia na marafiki. Hali ya moyo ilikuwa afadhali, ingawa si kwa kiwango kikubwa, nami sitaki uingie ukitegemea miujiza. Habari za dunia ziliwapita zaidi. Lakini wiki zilipokwisha, wengi walirudi kwa matumizi madogo kuliko ya mwanzo, na hilo ndilo ninalokutakia.

Mimi mwenyewe nilijitoa kwenye mtandao mmoja miaka kadhaa iliyopita na sijarudi. Gharama yake niliilipa: rafiki wa ujana wangu alifiwa na mama yake, taarifa ikawekwa kule tu, nami nikapata habari watu wameshazika. Alinielewa, ila mimi iliniuma na bado inaniuma. Kwa hiyo kabla ya kuzima, wape ndugu na marafiki wa kweli namba yako na uwaambie waziwazi: jambo likitokea nipigieni, mtandaoni hamtanikuta.

Kuhusu mwenzako mwenye karakana. Wewe ni fundi, unajua gauni linavyoonekana upande wa nje na linavyokuwa ndani, pale palipofumuliwa na kushonwa tena. Yeye anaposti upande wa nje, kama unavyofanya wewe. Hajakukosea, wala wewe kuumia si roho mbaya. Mlianza pamoja, na macho lazima yapime. Lakini usimsome usiku. Ukirudi mtandaoni mnyamazishe: kwenye Instagram hiyo inaondoa posti na stori zake machoni pako bila yeye kujulishwa. Na ikiwa urafiki ulikuwepo kweli, mpigie simu. Muulize alipataje mashine zake, nani alimkopesha, fundi wa kwanza alimpata wapi. Donge lile naliona lina swali ndani yake, na mwenye jibu ni yeye. Kwenye maoni ya wateja wake hutalipata.

Mkwe wangu naye mwambie uamuzi wako, na mwambie ukikaa naye mezani, siyo kwa ujumbe. Simu ilale chumba cha cherehani huku mlio wa simu za kawaida ukiwa wazi, kwa ajili ya mtoto. Mwombe na yeye yake aiweke hukohuko. Hajaniandikia, lakini sijawahi kuona nyumba yenye simu moja tu inayosumbua.

Wiki nne zikiisha na ukaona hiyo akaunti binafsi huihitaji, hapo ifute, ila kwa utaratibu. Kwanza pakua nakala ya picha na kumbukumbu zako. Hakikisha kundi la wazazi halitegemei akaunti hiyohiyo, maana ukiifuta utatoka kundini. Facebook, Instagram na TikTok zote hukupa siku 30 za kughairi, zikipita hakuna kurudi. Jina la biashara uliloliacha, mtu mwingine anaweza kulichukua, ndiyo sababu nasema ya kazi isiguswe.

Ungekuwa umeniandikia kwamba unatukanwa na kutishwa huko kila siku, ningekuambia chukua picha za vitisho kama ushahidi, toa taarifa, na ufunge leo. Yako si hiyo.

Niandikie baada ya wiki nne. Nataka kusikia habari za mtoto kuliko za mtandao.

*Shangazi, niliizima akaunti yangu ya Facebook nikaishi kwa amani kabisa. Wiki hii rafiki ananiambia ananiona nimerudi, na wengine walikuwa wakinitumia ujumbe Messenger muda wote. Nani kaifungua? — Kijana Mpole*

Kijana wangu, huenda ni wewe mwenyewe bila kujua. Akaunti iliyozimwa kwa muda hufunguka ukiingia Facebook, na pia ukitumia Facebook kuingia mahali pengine, kwa mfano mchezo wa simu au programu ya muziki inayokuambia "ingia kwa Facebook". Kumbuka kama ulifanya hivyo wiki hii. Kama hapana, nenda kwenye mipangilio ya usalama uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, toa usichokitambua, ubadilishe nywila. Messenger ni suala lake peke yake: kuizima Facebook hakuizimi, inabaki wazi mpaka uizime nayo. Fuata mpangilio huu: kwenye kila programu inayoingia kwa Facebook weka baruapepe na nywila yake, ukimaliza zima Facebook, halafu zima Messenger.