Maswali ya Wasomaji: Ulaya Peke Yangu, Mwezi wa Novemba

SWALI: Ndugu Mhariri, Novemba ijayo nakusudia kusafiri peke yangu kwa mara ya kwanza, siku 5 Roma na siku 7 Berlin. Nianze na lipi? Msomaji wa kike, Tanga.

JIBU: Anza na viza, dada, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mengine yote. Italia na Ujerumani zote zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, hivyo viza moja inatosha. Lakini ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwako ni Ujerumani, hata kama utatua Roma kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje ukomo huo, maana uamuzi waweza kuchukua hata siku 45. Utatakiwa pia kuwa na bima ya matibabu ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000.

Kuhusu majira, mwishoni mwa Novemba jua la Berlin huzama yapata saa kumi jioni, jambo ambalo, kwa maoni yangu, humchanganya mtu wa pwani kuliko baridi yenyewe. Kwa hiyo panga kufika kila mji mchana, uione njia ya hotelini kukiwa na mwanga. Roma hunyesha sana mwezi huo. Chukua viatu visivyopitisha maji. Koti zito litafute kwenye mitumba hapo Tanga, kwani mengi yalitoka huko huko uendako.