The Wire imeisha zamani lakini Bubbles hajanitoka kichwani

Ndugu yangu uliyeuliza kama The Wire, ile tamthilia ya Marekani ya polisi na wauza unga wa mji wa Baltimore, kweli yastahili sifa zake, manake umefika episodi ya nne na waona vijana wamekaa kwenye kochi nje wanapiga domo tu. Mimi nimeimaliza, nikairudia tena.

Kwanza toa akilini ile ya kila wiki maiti kila wiki pingu. Hizi ni episodi 60, 2002 mpaka 2008, kesi moja yala sizon nzima na ikiisha wajiuliza haswa wameshika nani. Walioiandika waijua Baltimore, David Simon alikuwa ripota wa gazeti la huko na Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi, baadaye akawa mwalimu, ndio maana sizon ya nne ya watoto wa shule yauma vile. Halafu yule shemasi mzee wa kanisa ni Melvin Williams, muuza unga mkubwa wa kweli, na Burns alikuwa kwenye kazi iliyomtia ndani miaka ya 80! Wamfunga mtu halafu wamwita aje aigize, ajabu.

Sizon ya pili ya makuli wa bandari watu wengi huiruka. Mtu wa pwani akiiruka hiyo simwelewi.

Ya tano siitetei. McNulty, yule mpelelezi, kutunga muuaji asiyekuwepo ili apate pesa za upelelezi, hapana, ilinishinda.

Lakini Bubbles jamani, yule teja wao. Sisi wa Malindi teja hatuhitaji tivi kutuonyesha, tumesoma nao madrasa, twawapita maskani kila siku, akuomba ishirini na wajua yaenda wapi. Kwenye muvi teja ni wa kuchekwa ama wa kufa basi. Huyu ana akili, asukuma toroli lake auza fulana, polisi wanamtegemea kwa habari, na bado unga wamrudisha. Mwisho anaacha, akaa kwa dadake chumba cha chini na mlango wa kupandia juu wafungwa kwa komeo. Hapo ndipo nilisimamisha muvi, manake binamu yangu kila asubuhi yuko hospitali kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, mbele ya nesi, kazi amepata, na mamake bado analala na funguo za kabati chini ya mto. Na simlaumu mama, zimeenda redio, simu, mpaka sufuria.

Kama hutaki kujua mwisho ishia hapa. Dada anamfungulia, Bubbles anapanda kula mezani na wenziwe. Wakati huo huo Dukie, yule mtoto mpole wa sizon ya nne, ndio kwanza aanza kujidunga, na rafikiye Michael kashika bunduki na kazi ya Omar, ile ya kuwapora wauza unga. Hapo ndio nikaelewa kwa nini kesi zao haziishi, kiti hakikai wazi.

Wewe fika episodi ya sita kwanza, na uweke maandishi chini, kile Kiingereza chao hata mimi nilikuwa nakamata nusu. Ukifika sizon ya tano njoo tubishane kuhusu McNulty.