Muulize Mwalimu: Dada mtu karudisha kadi ya chama Uingereza, mdogo wake hamsemeshi

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjane, naishi Rau, hapa Moshi. Nina mabinti wawili. Mkubwa ni muuguzi kaskazini mwa Uingereza, ana watoto wawili wa shule ya msingi. Mdogo yuko Njiro, Arusha, anafanya kazi kwenye shirika la haki za wanawake. Mkubwa alikuwa mwanachama wa Labour, chama kikubwa cha siasa cha huko, hata fulana yao nyekundu alinitumia, nalimia nayo. Mwaka jana akarudisha kadi. Anasema chama kiliwabeza akina mama waliouliza kwa nini mtu aliyezaliwa mwanamume aruhusiwe vyumba vya wanawake. Kazini kwao waligombana kwa ajili ya chumba cha kubadilishia nguo. Mdogo wake akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba dada ni msaliti, amewafuata wanaochukia wageni, na mfeministi wa kweli hakai na watu hao. Tangu Pasaka hawasemeshani, na Desemba wote wanakuja nyumbani. Kwenye jumuiya mama mmoja ameniambia, "Huo ni ushoga wa wazungu, kemea." Nani ana haki? Nimkataze mkubwa siasa za watu asije akarudishwa, maana pasi yake bado ni ya Tanzania? Nikiwaita mezani nianzie wapi? Halafu suala la kihamba, shamba letu la ukoo, nalo halijaisha, shemeji anasema mabinti hawahusiki.

Mama Wawili, Rau

Marahaba mwanangu, na pole kwa Pasaka ya namna hiyo.

Nianze na pasi, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi na ndiyo nyepesi kuliko yote. Binti yako hajavunja sheria. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata ya ubunge. Ni mabaki ya enzi za himaya. Labour nayo hupokea mkazi aliyekaa nchini zaidi ya mwaka mmoja, awe raia au asiwe. Sisi tungempa Mkenya mwenye duka pale Holili kura ya kumchagua mbunge wa Rombo? Thubutu. Kwa hiyo ukimkataza "siasa za watu" utakuwa unamnyang'anya alichopewa na wenye nchi wenyewe.

Sasa nani ana haki. Nilifundisha Uraia mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikienda pole pole, kwa sababu mabinti zako wanagombana kana kwamba vyama vya kule vimesimama mahali pamoja siku zote. Labour ikiwa madarakani mwaka 2004 ndiyo iliyoleta sheria ya kumpa mtu mzima aliyebadili jinsia cheti cha kuitambua jinsia yake mpya, akiwa na uthibitisho wa daktari na ameishi hivyo miaka miwili. Moto uliwaka baadaye, lilipokuja pendekezo la kumwondoa daktari na kuacha mtu atamke mwenyewe. Na waliolipeleka kwa wananchi kutafuta maoni, mwaka 2018, ni Conservative, chama pinzani wa Labour, chini ya waziri mkuu wa wakati huo, Theresa May. Mwaka 2020 chama hicho hicho kikaliacha. Labour ikaliandika kwenye ilani yake ya 2019, na mwaka 2023 nayo ikaliacha. Binti yako mkubwa anaambiwa kahama, wakati kila chama hapo kilikuwa kinatembea.

Katikati ya mizunguko hiyo ndipo akina mama wa aina yake walipoumia. Waliuliza kuhusu magereza ya wanawake, kuhusu nyumba za kuwahifadhi wanaopigwa na waume zao, kuhusu vyumba vya kuvulia nguo. Wengi wao walikuwa ndio wapita nyumba kwa nyumba wa chama wakati wa kampeni. Wakaambiwa wanaeneza chuki. Nimekaa vikao vya kutosha vya wazazi na vya walimu kujua mama hufanya nini akiambiwa swali lake ni dhambi: anafunga mkoba, anaaga vizuri kabisa, na kikao kijacho humwoni.

Scotland, sehemu ya Uingereza yenye bunge lake, ndiko lilikochacha zaidi. Desemba 2022 bunge lao lilipitisha sheria ya mtu kujitamkia, kuanzia miaka 16, kwa kura 86 dhidi ya 39. Waziri mmoja wa SNP, chama kilichokuwa madarakani kule, Ash Regan, alikuwa ameshajiuzulu uwaziri kwa kuipinga, na mwaka uliofuata akahamia chama kidogo cha Alba. Serikali ya London, ya Conservative, ikaizuia sheria ile Januari 2023. Wakati huo kikundi cha wanawake, For Women Scotland, kilikuwa mahakamani kwa kesi nyingine inayogusa jambo hilo hilo, kikapanda nayo hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano walisema kwa kauli moja kwamba mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni kwa jinsi ya kuzaliwa. Jaji Hodge, aliyeisoma hukumu, alionya isichukuliwe kuwa ushindi wa kundi moja juu ya jingine, na akakumbusha kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo hiyo dhidi ya ubaguzi. Mtumie mdogo hiyo kauli ya majaji, na mkubwa onyo la Jaji Hodge. Nahisi kila mmoja amesoma nusu yake.

Kuna akina mama wengine ambao hakuna binti yako aliyewataja. Ni wale wenye watoto wanaotaka kubadili jinsia. Mwaka 2024 serikali ya Conservative ilisimamisha kwa muda dawa za kuzuia balehe kwa watoto wa namna hiyo, na Desemba Labour, ikiwa sasa madarakani, ikalifanya katazo hilo kuwa la muda usiojulikana. Baadhi ya mama hao nao wanasema Labour imewasaliti, tena kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya mwanao. Chama kilichozoea kuhesabu kura za akina mama kama maziwa ya ng'ombe wa nyumbani kimekuta ndoo tupu pande zote mbili, na mimi sikionei huruma.

Ila mdogo hajapayuka tu. Serikali iliyoizuia sheria ya Scotland, ikasifiwa kwa kuwalinda wanawake, ndiyo iliyokataza kuanzia Machi 2024 wahudumu wa wazee wanaotoka nje kuja na watoto wao. Wengi wa wahudumu hao ni wanawake. Mama wa Kiafrika akitazama hilo ana haki ya kumuuliza dada yake: umetoka Labour, umekwenda kwa nani? Na hapo ndipo barua yako ilipopungua, mwanangu. Umesema karudisha kadi. Hujasema kachukua nyingine. Pengine yuko nyumbani tu, amekasirika, hana chama. Rosie Duffield, mbunge wa Canterbury aliyegombana na wenzake wa Labour miaka kwa suala hili hili, alipotoka Septemba 2024 hakuhamia popote. Alibaki mbunge asiye na chama, na barua yake ya kujiuzulu ililalamikia zawadi walizopokea viongozi na posho waliyokuwa wakinyimwa wazazi wenye zaidi ya watoto wawili. Muulize wa kwako kwanza, kabla mdogo wake hajampangia chama.

Na huyo mdogo, kwa kuwa anaishi Arusha, mkumbushe Bibi Titi Mohamed. Hakuna aliyeijazia TANU wanawake kama yeye. Likaja Azimio la Arusha, 1967, kiongozi haruhusiwi kupangisha nyumba, naye akaachia nafasi yake ya uongozi kwenye chama. Alikuwa na hoja: kwa mwanamke, nyumba ya kupangisha mara nyingi ndiyo uzee wake. Mtu anaweza kukataa hoja hiyo, mimi mwenyewe Azimio nililifundisha kwa moyo mmoja. Lakini simjui mtu mwenye akili atakayesema kwa siku ile Bibi Titi aliacha kuwa mtetezi wa wanawake.

Mama wa jumuiya mwache. Mjadala huu unahusu sheria imhesabu nani kuwa mwanamke na nani aingie chumba gani. Mambo ya nani anampenda nani hayamo. Na huyo aliyegombaniwa kwenye chumba cha nguo naye ana mama yake. Kukemea unakoambiwa kungemfanya mkubwa asije hata hiyo Desemba.

Mezani usianze na Labour. Neno msaliti lifutwe kwenye kundi la WhatsApp kabla tiketi hazijakatwa, na aliyeliandika ndiye alifute. Mengine wabishane, ni watu wazima, ilimradi si mbele ya shemeji zako, ambao wangefurahi sana kuwaona mabinti wamegawanyika.

Maana cha kuanza nacho ni kihamba, ulichokitaja kwa mstari mmoja mwishoni. "Mabinti hawahusiki" ni kauli ya zamani isiyo na nguvu unayodhani inayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ya kijiji. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory wa Bukoba, ilikwishasema mwanamke ana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo, hata ya kuiuza. Hapo sioni mkubwa na mdogo wakitofautiana hata neno moja. Niandikie tena unieleze: marehemu aliacha wosia? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama, au ni kikao cha ukoo tu? Na hati, kama ipo, ina jina la nani? Usitie sahihi karatasi yoyote ya shemeji kabla sijakujibu.