Nyingchi si kame
Ukidhani Tibet, nyanda za juu zilizo chini ya China, yote ni mawe na vumbi, hapana, si hivyo. Nyingchi, kule kusini-mashariki, ni mabonde ya kijani yenye misitu minene ya misonobari. Sababu ni mto Yarlung Tsangpo: umeipasua Himalaya kwa korongo lenye kina cha kutisha, na unyevu wa pepo za monsuni kutoka Ghuba ya Bengali hupanda humo humo. Mto wenyewe unauzunguka mlima Namcha Barwa (mita 7,782), unageukia kusini na kuingia India, na ukifika Assam unaitwa Brahmaputra.

Mji wa Nyingchi uko kwenye mita 3,000 hivi, chini kuliko Lhasa, mji mkuu wa Tibet, wenye 3,650, kwa hiyo kupumua ni nafuu kidogo. Wengi huenda mwishoni mwa Machi hadi Aprili, mipichi ikichanua. Kilele cha Namcha Barwa hujificha mawinguni mara nyingi, usikipangie safari nzima. Treni kutoka Lhasa ipo tangu 2021, kilomita 435. Ila viza ya China peke yake haitoshi. Mgeni huombewa kibali cha Tibet na wakala wa utalii.