Kitabu kipya cha ulimwengu wa D&D kimetoka: mhamie huko?

Kila kinapotoka kitabu cha ulimwengu mpya, grupu letu la WhatsApp halilali. Mtu anatupia picha ya jalada: mji unaoelea angani, joka limejizungusha kwenye mnara, ramani yenye bahari tatu. Dakika haijapita, "DM, tuhamie huku!" Ni rahisi kusema, maana anayesema hatasoma kurasa 300. Nitasoma mimi, mwendesha mchezo wao.

Kwa mgeni wa mambo haya: D&D, yaani Dungeons & Dragons, ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na mtu mmoja, ndiye DM, anaendesha mengine yote, kuanzia mfalme mpaka mbu. Mkasa mmoja unaweza kuchezwa miezi, wengine huucheza miaka. Kitabu cha ulimwengu ndicho kinachosema mkasa huo unatokea wapi: nchi gani, miungu ipi, nani ana ugomvi na nani. Ukikichagua, umechagua mahali mtakapoishi kila Jumapili kwa muda mrefu. Sisi tunacheza Sinza, sebuleni kwa mwenzetu mmoja, na ninayoandika hapa ni yale ninayoyatazama kabla ya kusema ndiyo.

La kwanza, na kwangu ndilo linaloamua karibu kila kitu: wachezaji watafanya nini huko? Nikimaliza utangulizi na sura moja ya kati, nachukua karatasi na kuandika ukurasa mmoja tu kuhusu ulimwengu huo, kama ninavyoweza kuwaeleza wenzangu. Kipimo hiki kina historia yake. Mwaka 2002 Wizards of the Coast, wachapishaji wa D&D, waliwaalika watu wapeleke mawazo ya ulimwengu mpya, kila wazo ukurasa mmoja. Yakaja zaidi ya 11,000. Lililoshinda ni la Keith Baker, likawa Eberron, na kitabu chake kikatoka 2004. Kama Eberron nzima iliwahi kutosha kwenye ukurasa mmoja, hakuna ulimwengu unaoweza kuniambia wenyewe ni mkubwa mno.

Na ukurasa wa Eberron unaandikika kweli. Vita vya karibu miaka mia vimeisha miaka miwili tu iliyopita. Ufalme mmoja mkubwa umegawanyika, na nchi mojawapo, Cyre, iliangamia kwa siku moja bila yeyote kujua sababu. Koo zenye alama za uchawi mwilini zimeshika biashara zote: Orien usafiri, Jorasco tiba, Cannith viwanda. Halafu wapo warforged, askari wa mbao na chuma waliotengenezwa ili wapigane, ambao mkataba wa amani uliwapa uhuru wao. Kila sentensi hapo ina kazi ndani yake. Kuna mtu anataka mzigo uvushwe mpaka, kuna mkimbizi anamtafuta ndugu, kuna ukoo unaomiliki hospitali na unadai deni.

Tulipoujaribu, mchezaji mmoja alichagua kuwa warforged. Wakaingia Sharn, mji wa minara, usiku, wakatafuta gesti. Mimi nikawa mama mwenye gesti.

"Mko wanne, fedha nne."

"Mimi silali, mama."

"Utakaa wapi sasa?"

"Nitasimama kwenye kona."

"Kona nayo ni yangu. Lipa."

Wakati wanabishana kama kiumbe asiyelala anastahili kulipia chumba, mchezaji mwingine, ambaye mhusika wake alipigana upande wa pili wa vita, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye halali chumba kimoja na chuma kilichomuua kaka yake. Meza ikanyamaza. Nilikuwa nimeandaa mauaji darajani. Yakasubiri Jumapili iliyofuata. Karibu saa nzima ilipita bila dadu kurushwa, na hakuna aliyelalamika. Ulimwengu uliotungwa vizuri unakufanyia hivyo: unawapa wachezaji ugomvi kabla wewe hujafungua daftari.

Sasa linganisha na kitabu kimoja nilicholetewa na rafiki kwa PDF, sitakitaja jina. Nasaba za wafalme, kalenda yenye miezi kumi na tatu, sura nzima ya uumbaji, na uandishi mzuri tu. Nilipokaa kuandika ukurasa wangu, nikabaki na mistari miwili: kulikuwa na himaya, ikaanguka. Mashujaa wote walishakufa, vita vyote vilishapiganwa. Wachezaji wangefika pale kama watalii. Nikakirudisha kwa asante.

La pili ni mzigo wa kujua. Nauliza: mchezaji anahitaji kujua kiasi gani ili atengeneze mhusika bila kuaibika? Kitabu cha Eberron cha 2004 kilikuwa na orodha ya mambo kumi ya kujua, imewekwa mbele kabisa, na mchezaji angeweza kuanza na hiyo tu. World of Greyhawk ya 1980, ulimwengu mwingine wa D&D, ilikuwa kijitabu cha kurasa 32 na ramani. Greyhawk hiyo hiyo ndiyo iliyorudishwa kama mfano ndani ya kitabu cha DM cha mwaka 2024. Unene hauhusiani sana na uhai wa ulimwengu. Upande mwingine kuna Forgotten Realms, nayo ya D&D, iliyoanza kuuzwa kwa wachezaji 1987 na ambayo imeandikiwa riwaya nyingi mno. Ni pazuri, ila ukiwa na mchezaji aliyezisoma, atakusahihisha mbele ya watu kuhusu jina la mke wa mchawi fulani. Kama meza yako ina mtu wa aina hiyo, ulimwengu mpya kabisa ni nafuu: wote mnaanza sifuri. Mimi kanuni yangu ni kwamba yale ya lazima yaelezeke chai ikiwa inamiminwa. Yakizidi hapo, wachezaji watatikisa vichwa kwa adabu na hawatakumbuka lolote.

Yasome pia majina kwa sauti, mezani kwako. Mwaka 2021 Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, mchezo unaofanana na D&D, walitoa The Mwangi Expanse, kitabu cha kurasa zaidi ya 300 kuhusu sehemu ya dunia yao ya Golarion inayochota kutoka Afrika. Mna chuo cha uchawi kiitwacho Magaambya, ambacho wanafunzi wake wanafundishwa kusaidia vijiji pamoja na kurusha moto, na mimi nakiona kama mojawapo ya shule bora za uchawi zilizowahi kutungwa kwa mchezo. Lakini mwenzetu mmoja ametokea Nyeri, Kenya, ambako Mwangi ni jina la kawaida la mwanamume. Nilipotamka "msitu wa Mwangi" kwa sauti ya kutisha, akauliza kama Mwangi ameuza shamba lake au bado. Nusu saa ikaenda. Hilo si kosa la kitabu, na tukakizoea. Ila mchezaji wa Ohio, Marekani, hawezi kukuonya juu ya jambo kama hilo. Utaligundua sebuleni kwako tu.

Kanuni za mchezo angalia haraka: kitabu kimeandikwa kwa toleo la D&D la 2014, la 2024, au kwa Pathfinder? Kutoka moja ya hizo D&D kwenda nyingine mtu anavuka bila shida kubwa. Kwenda Pathfinder ni kujifunza upya, na wachezaji wenye kazi na watoto hawatakushukuru. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za D&D zimetolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo watungaji wadogo wengi wanatoa dunia zao juu ya kanuni hizo, na baadhi ni nzuri kuliko za wakubwa.

Bei nayo. Kitabu cha Eberron cha 2019 kilitangazwa dola 49.95, kabla hujalipa kukisafirisha mpaka Dar na kabla ya ushuru. Anza na PDF, au kurasa za bure ambazo wachapishaji wengi huzitoa kama kionjo. Kama ni mradi wa Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela kabla kitu hakijatengenezwa, mimi husubiri kitabu kiwe mikononi mwa watu. Picha za kampeni huwa nzuri siku zote.

Halafu jaribu usiku mmoja. Usitangaze kuhama. Waambie Jumapili hii tunapumzika na mkasa wetu, chukueni hawa wahusika niliowaandaa, twende. Mwisho wa usiku usiulize kama wamependa, maana watakwambia ndiyo ili wakaondoke. Sikiliza wanachouliza wakivaa viatu. Akiuliza mtu "yule mama wa gesti ana siri gani?", una ulimwengu. Wakijadili foleni ya Morogoro Road, bado.

Na kama katikati ya mkasa wenu wa sasa kitabu kipya kimekukolea, iba. Chukua mji mmoja, au ukoo mmoja wa wafanyabiashara, upandikize kwenye dunia mliyonayo. Kuwahamisha wahusika waliokwisha kuwa na wake, maadui na madeni ni kuwafuta, na mchezaji aliyemlea mhusika wake mwaka mzima hatakusamehe upesi.

Kuna pia kitabu unachokitaka kwa ajili ya kukisoma kitandani tu, kwa sababu ya picha na ramani. Kinunue kama hela ipo. Ila usimwambie mkeo ni cha wachezaji, wala wachezaji wasikione kabla hujaamua, maana wataanza kutupia picha ya jalada kwenye grupu.