Kabla hujang'oa madirisha ya mbao

Nyumba tunayoishi Tabata, Dar es Salaam, aliijenga baba mkwe mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi ambazo dirisha lilikuwa fremu ya mninga, nondo katikati, wavu wa mbu kwa nje, na vibawa viwili vya kioo vinavyofunguka kwa ndani. Madirisha manane. Mwaka 2019 tuliyang'oa yote kwa mkupuo, tukaweka aluminiamu ya kuslaidi yenye vioo vya buluu vinavyong'aa kama miwani ya dereva wa bodaboda. Majirani walisifia. Mimi nilipiga picha nikaweka status.

Wiki ya tatu mzee akatoka chumbani kwake mchana, kifua wazi, gazeti mkononi anajipepea. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, upepo wangu mmeupeleka wapi?"

Nilidhani ni mambo ya uzee. Nikaingia chumbani kwake nikasimama mbele ya dirisha. Kweli, upepo haupo. Feni inazungusha joto tu.

Hebu piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Dirisha la futi tano kwa tano ni kama mita 1.52 kwa 1.52, yaani mita za mraba 2.3. Lile la mbao ukilifungua, vibawa vyote vinalala ukutani na tundu lote ni lako, ukitoa unene wa nondo. La kuslaidi lina vioo viwili, na ukifungua, kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Hata uvute mpaka kigonge, umepata nusu. Na mafundi wa aluminiamu wanakuchaji kwa mita ya mraba ya dirisha zima. Nimelipia 2.3, napumua 1.1 na kitu.

Kwa mtu wa Iringa au Njombe hiyo inaweza isiwe shida, huko watu wanatafuta dirisha la kuzuia baridi. Dar ni habari nyingine. Huku dirisha ni la upepo kwanza, mwanga pili, na sura baadaye. Sisi tulianza na sura.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani kuchagua rangi ya fremu, ijue nyumba yako. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, kaskazi, ule wa kaskazini, inashika kuanzia Desemba hadi Machi, na Machi ndipo joto linapotutesa kweli. Nilichofanya baadaye, na ningetakiwa kukifanya mwanzo, ni kufunga kanga nyepesi juu ya kila dirisha, lile jipya nikiwa nimelivuta wazi, nikaangalia inapepea wapi. Chumba cha mzee kanga ilijaa kama tanga asubuhi, ikalegea saa nane. Chumba cha watoto haikutikisika siku nzima, mpaka nilipofungua mlango wa korido, ndipo ikaanza kucheza. Maana yake upepo ulikuwa unataka kuingia ila hauna pa kutokea. Hapo tatizo ni mlango, wala si dirisha, na ningetumia hela bure kubadilisha kioo.

Jua nalo lina mambo yake. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita juu ya kichwa: Juni limeegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo, na paa lenye ukingo wa kutosha linalimudu. Jua lisilomudika ni la saa kumi jioni, lile la magharibi, linaloingia kwa ubavu chini ya paa hadi kitandani. Ukuta wa magharibi usiupe dirisha kubwa la kioo kwa sababu tu kwenye picha limependeza. Na usidanganyike kwamba kioo cha giza kinamaliza kazi. Kioo chenyewe kinapata moto, na sehemu ya joto hilo kinakurudishia ndani. Kilichotusaidia upande ule ni kibaraza cha bati cha futi tatu juu ya dirisha na mti wa mpera uliokuwa tayari pale.

Nikiwa bado kwenye vioo, hiki cha kung'aa ambacho wa nje hakuoni wewe unamwona: kinafanya hivyo mchana peke yake. Kinategemea upande gani una mwanga zaidi. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka, wewe unajiona mwenyewe kama kwenye kioo cha saluni na wa nje anakuona wewe. Tulikaa miezi miwili bila mapazia sebuleni tukijiona wajanja. Mtoto wa jirani ndiye aliyetuamsha: "Mama, jana mlikula wali na maharage, na baba aliongeza mara mbili." Mapazia yalinunuliwa Kariakoo siku iliyofuata.

Sasa fundi. Wetu alikuja na tepu, akapima dirisha moja la sebuleni, akaandika kwenye kipande cha boksi, akasema, "Yote ni tano kwa tano, mama. Nyumba za zamani ramani moja." Nilikuwa na ugali jikoni, nikaitikia. Siku ya kufunga, madirisha mawili yaliacha mwanya wa kupitisha kidole, moja likagoma kuingia mpaka ukuta ukatindwa kwa nyundo. Mianya wakaijaza saruji. Aluminiamu ikipigwa na jua inatanuka, ikipoa inasinyaa, saruji haijui hayo. Ndani ya mwaka yote ilikuwa na nyufa na sisimizi wamehamia.

Nilivyojifunza kwa gharama yangu: tundu la dirisha halijawahi kuwa mraba kamili. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Pima kimo mara tatu vilevile. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, na namba hizo mbili zisipolingana ujue tundu limelala. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote cha upana, na cha kimo vilevile, punguza kama milimita 5 kila upande, na mwanya huo ujazwe silikoni. Tena ukiwa unatoa fremu za mbao zilizojengewa, usipime kabla ya kuzitoa, maana zinatoka na vipande vya ukuta. Ng'oa, piga plasta, ikauke, ndipo upime. Najua utasema nyumba italala wazi. Ndiyo sababu inabidi uende chumba kimoja kimoja, si manane kwa pamoja kama tulivyofanya sisi tulipopewa "bei ya jumla".

Plasta itangulie kwa sababu nyingine pia. Saruji mbichi ikirukia aluminiamu inaila rangi na kuacha mabaka yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Ile karatasi ya nailoni inayokuja imebandikwa kwenye fremu iache mpaka kazi ya saruji iishe, halafu ibandue siku hiyohiyo. Jirani yangu aliiacha miezi sita kwa kuona ni uzuri, jua likaichoma, mpaka leo anaikwangua kwa kucha.

Fremu yenyewe ijaribu dukani. Ibonyeze kwa vidole viwili. Profaili nyembamba inaingia ndani kidogo kisha inarudi, kama kopo la soda, na dirisha la namna hiyo upepo wa kusi ukilipiga linapiga kelele usiku kucha. Kioo cha milimita 5 ni sawa kwa madirisha ya kawaida. Kwa bafuni, kwenye ngazi, au dirisha linaloshuka karibu na sakafu ambako watoto wanacheza, dai kioo kilichopikwa, ambacho kikivunjika kinamwagika punje punje badala ya vipande kama visu. Kioo hicho hakikatwi baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo visipokuwa sahihi umeliwa. Na kama unaishi Kigamboni, Kunduchi au popote chumvi ya bahari inapofika, skrubu ziwe zisizoshika kutu, na fremu zioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye aluminiamu, penye chumvi, ni ugomvi unaoisha kwa dirisha kulegea.

Mvua ndiyo iliyotuaibisha. Masika ya kwanza, dada wa nyumbani akaniamsha usiku, maji yanatiririka kutoka reli ya dirisha la jikoni hadi kwenye gunia la mchele. Reli ya chini inatakiwa iwe na vitundu vya kutolea maji nje. Yetu haikuwa navyo hata kimoja, na kizingiti cha chini kilikuwa kimeinamia ndani. Tangu siku hiyo nina mtihani mmoja ambao nawapa wote wanaoniuliza: kabla hujammalizia fundi hela yake, chukua jagi la maji, limimine kwenye reli mbele yake. Yakitoka nje, mlipe na umpe soda. Yakiingia ndani, hela ibaki mfukoni.

Grili nazo. Wezi wapo, sibishani na mtu kuhusu nondo. Ila grili iliyochomelewa moja kwa moja kwenye kila dirisha inamfungia nje mwizi na inawafungia ndani wenye nyumba moto ukitokea. Angalau chumba kimoja cha kulala, na ikiwezekana kila chumba, kiwe na grili yenye kibawa cha kufunguka, kufuli ndani, na ufunguo unaning'inia msumarini ambapo mtoto anaufikia lakini mkono kutoka nje haufiki. Sisi tuliliongeza hilo baadaye, fundi wa kuchomelea akalimaliza asubuhi moja.

Kuhusu urembo, mwaka jana tulikwenda harusini Unguja nikapata saa mbili za kuzurura Mji Mkongwe. Huko dirisha limegawana kazi. Juu kuna kile kipande cha nusu duara chenye vioo vya rangi, vyekundu, kijani, buluu, ambacho hakifunguki na hakina haja. Chini yake vibawa vya mbao vyenye vibao vilivyolala mshazari, unavifunga kabisa na upepo bado unapita, jua linabaki nje, na wewe unachungulia mtaani bila mtu kukuona, mchana na usiku. Nilisimama pale nikawaza zile hela zangu za vioo vya buluu.

Basi nikipewa nafasi ya kusema kuhusu madirisha ya mapambo, mtazamo wangu ni huu: pambo liweke mahali ambapo hutegemei upepo. Juu ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), kwenye ngazi, pembeni ya mlango mkubwa. Kipande kidogo cha kioo cha rangi upande wa mashariki kinakupa sakafu yenye maua kila asubuhi, na hakigharimu kama dirisha zima. Dirisha la chumba cha kulala liache lifanye kazi yake. Na ukiwa na nyumba ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, usiguse dirisha kabla ya kupata kibali cha mamlaka inayosimamia hifadhi yake.

Niliporudi nilimtafuta seremala mmoja mzee, Buguruni. Nikamwamkia, nikamweleza nataka dirisha la mbao linalofunguka lote, kwa ajili ya baba mkwe. Akauliza ya zamani yalikuwa mbao gani. Nikasema mninga.

"Yako wapi?"

Nikamwambia fundi wa aluminiamu alijitolea kuyabeba, eti yasitujazie uwanja.

Mzee akaweka randa chini. "Mlimpa bure? Mninga wa miaka hiyo? Binti yangu, huyo hakuwabebea uchafu, aliwabebea mahari."

Mninga mzuri ukiwa mkavu mchwa hawauwezi, na wa miaka thelathini umeshakauka mpaka basi, haupindi tena. Kilichokuwa kimeharibika kwetu ni bawaba zenye kutu, puti iliyopasuka na wavu uliochanika. Kazi ya siku chache kwa kila dirisha: msasa, bawaba mpya, puti, vanishi, wavu mpya. Kwa hiyo kama unayo ya mbao ngumu, chukua bisibisi uichomechome fremu kwenye pembe za chini, ambako maji hukaa. Ikizama kama kwenye keki, hilo limekwisha, ng'oa. Ikigoma, usithubutu kuling'oa, tafuta seremala. Kama ni paini au saiprasi isiyotiwa dawa, usipoteze muda wa kukarabati.

Moja lilikuwa limesalia, la stoo, ambalo baba watoto aliligeuza mlango wa banda la kuku. Seremala alikuja akalichokonoa kwa patasi, akacheka peke yake, akalibeba begani. Alilirudisha baada ya siku tano likiwa limeng'aa rangi ya chai ya rangi, kibawa kimoja kina kioo, cha pili amekitoa kioo akakitia vibao vya mshazari kama nilivyomchorea kwenye bahasha. Tulilifunga chumbani kwa mzee, kwenye ukuta unaopokea kusi. Mchana halali tena na gazeti mkononi.

Yamebaki saba ya aluminiamu, nayo yatabaki, sina hela za kuyabadilisha na mengine hayana kosa. La jikoni tumelitoboa vitundu. Kuku wamewekewa mlango wa bati.